Nilisema ni Kiboko

Shangazi Orpah, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie kabla moyo haujanipasuka, mimi ni mwanamke niliyeolewa huku Gwasi na kazi yangu katika kikundi cha kulinda msitu ni kurusha droni, nayo Shangazi ungeiona ungeipenda, ina kamera ya joto, moshi ukificha kilima chote yenyewe inaona moto ulipo, hata kisiki unachokikanyaga ukidhani kimezima inakuonyesha doa jeupe, na Februari iliyopita ilituonyesha moto ukielekea shuleni tukaukata mapema, watoto wote wakatoka salama.

Sasa Jumamosi niliona doa jeupe pembeni ya msitu mahali pasipo na moshi, nikashusha droni, kumbe ni tanuri la makaa lililofukiwa udongo, na juu ya gogo kando yake kofia ya baba mkwe wangu, Mzee Elkana, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye aliyewanyamazisha wazee waliposema mke wa boma hawezi kurusha ndege, akawaambia, "Nyathina huyu, mtoto wangu huyu, ana macho kuliko nyinyi wote." Mwenzangu Cephas akauliza, "Na hiyo nyeupe ni nini?" nikasema ni kiboko, akaandika kiboko daftarini, na tangu hapo doa linakua na nyasi zimekauka, lakini kwetu mke hamkabili baba mkwe usoni, sembuse kumwambia ni mwizi wa miti, nifanye nini?

Mwenye Macho, Gwasi

Mwenye Macho,

Kiboko? Mbali hivyo na ziwa, kilimani alipanda kutafuta nini? Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nakuonea huruma, maana fadhila za mzee huyo ni nzito. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Naistaajabia droni yako, na nakustaajabia zaidi wewe unayeweza kuisoma. Chombo kilisema kweli, aliyedanganya ni wewe. Kumheshimu mkwe si kumwacha achome kilima na shule ikiwamo. Tena njia ya kumfikia unaijua: mama mkwe wako. Mwambie leo, naye amwambie mzee, mkalizime tanuri kwa maji na udongo, kisha urushe droni juu yake mpaka doa lipotee kabisa. Halafu nenda kwa Cephas ukamfute kiboko kwa mkono wako mwenyewe. Uenyekiti ni shauri la mzee, usimbebee.

Tanuri halisubiri gazeti, kwa hiyo nilipiga ile nambari uliyoiacha nikusomee haya. Hukunipa nafasi. Ulipokea ukihema, ukasema mama mkwe umeshamwambia na Cephas yuko hapo tanurini na ndoo. Na nyuma yako nikamsikia mzee akiita, "Nyathina, rusha tena! Angalia kama bado ni nyeupe!"