Siku Mama Mkwe Alipotaka Kuliona Ziwa

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya Mbinga leo haina adabu. Nimetoka misa ya kwanza, nimejifunika vitenge viwili juu ya sweta la marehemu mume wangu, na bado vidole vinagoma. Lakini lazima niandike, maana jana nimetembea na mama mkwe kutwa nzima, na tangu nirudi sijatulia.

Niseme ukweli kwanza. Nilikuwa na siri.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba Daudi wangu alifariki miaka minne iliyopita, nikabaki huku milimani na binti yetu Tina, mwenye miaka tisa, pamoja na mama yake Daudi. Mimi mtu wa ziwani, wa Lituhi. Huku kwa Wamatengo nililetwa na ndoa. Daudi alipoondoka, kila mtu kwetu alidhani nitafungasha. Sikufungasha. Nina cherehani yangu mjini, nina Tina, na nina huyu mama.

Msichokijua ni habari za Mwalimu. Anafundisha shule ya msingi kule ziwani Lundo, mgane, mpole, akicheka mabega yanatangulia. Mwaka jana alileta suruali nimpunguzie urefu. Suruali moja, jamani, kaifuata mara tatu! Tangu Pasaka anataka jibu kama nitakubali anioe. Moyo ulishasema ndiyo zamani. Mdomo ndio uliokuwa unamwogopa mama.

Si kwamba ni mkali. Naogopa kumuumiza. Halafu naogopa neno moja tu, kwamba Tina ni wa ukoo, abaki. Akilisema hilo, wazee wote watasimama upande wake. Mimi siwezi kuishi Lundo bila Tina. Na kumnyang'anya mama mjukuu wake, baada ya kumzika mwanawe, hilo nalo siliwezi.

Basi nikanyamaza. Miezi mitatu.

Alhamisi tunamenya maharage, akasema ghafla, "Mama Tina, Jumamosi tupande juu. Nataka kuliona ziwa."

Nilimtazama. Miaka kumi na moja niko kwenye nyumba hii, sijamsikia akilitaka ziwa. Kwake ziwa ni joto na mbu. Lakini nikasema haya mama, na moyoni nikasema Mungu kanipa nafasi. Huko juu hakuna jirani wa kupiga hodi. Nitamwambia.

Jana asubuhi tulimwacha Tina kwa jirani tukaondoka na viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Mfereji wetu unaanzia mlimani, unapita nyuma ya kahawa na kuzunguka kilima chote, na njia iko kwenye ukingo wake. Ni nyembamba, hampiti wawili sambamba. Mama alitangulia na mabuti ya Daudi, kayajaza matambara kwenye vidole yasimvuke. Anavaa hayo hayo shambani, kwenye jumuiya, hata dukani. Nilitembea nyuma yake nikiyatazama yale mabuti, napanga maneno. Mama, kuna jambo. Mama, usinielewe vibaya. Kila nikifungua mdomo yeye anainama kutoa majani yaliyoziba maji, anayatupa pembeni, anaendelea.

Huu ni msimu wa kahawa, kila nyumba wanaosha. Harufu ya maganda ilitufuata njia nzima. Na kila nyumba ni shikamoo, marahaba, habari za asubuhi, mnakwenda wapi.

"Kuliangalia ziwa," mama anajibu.

Watu wanacheka. Mmoja akauliza kama limehama.

Mfereji unapita juu kidogo ya shamba letu la ngolo, na hapo mama alisimama. Kwa msiolijua, ngolo ni kilimo cha huku cha mashimo. Mwezi wa tatu mwanaume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana hadi shamba zima linakuwa miraba. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani kwa udongo. Mvua ikija maji yanatulia shimoni, mlima haushuki, na majani yanaoza yakawa mbolea. Kazi ya mwanaume bila ya mwanamke ni bure, na ya mwanamke bila ya mwanaume ni hivyo hivyo.

Mimi nilipoletwa nilikuwa nayajua haya? Thubutu! Kwetu ziwani tunapiga matuta ya mihogo, basi. Mwaka wangu wa kwanza Daudi alilaza majani siku mbili. Siku ya tatu akaenda mjini, na mimi bibi harusi mpya, nikitaka kusifiwa, nikaenda peke yangu. Nikaona shamba limejaa takataka. Nikazikusanya zote, nikawasha kiberiti.

Mama alinikuta nimesimama kando ya jivu, nimejaa masizi, natabasamu. Nilikuwa nasubiri pongezi.

Hakunigombeza. Alikaa chini akacheka mpaka machozi, halafu akanivuta nikae naye, akanieleza. Daudi alifyeka upya, safari hii kwa kuomba majani ya jirani. Sijui kama mama anajua kwamba nilianza kumpenda siku ile.

Sasa miaka hii minne majani anayalaza yeye mwenyewe. Kazi ya kiume, na umri ule. Nikimwambia tutafute kibarua, anakataa. Jana alilitazama shamba muda mrefu, mikono kiunoni, akasema, "Mistari yangu imepinda."

Nikasema, "Haijapinda, mama."

"Imepinda. Ya Daudi ilikuwa imenyooka."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikammiminia chai.

Baada ya pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mfereji unaisha na njia inapanda. Tulipanda tukipumzika, hadi tukatokea juu kwenye uwanda. Huko hakuna kahawa wala nyumba, ni majani makavu na upepo mpaka macho yanapochoka. Njia ikawa pana, tukatembea sambamba. Nikajiambia sasa.

"Mama," nikasema.

"Abee."

"Kuna upepo."

"Upo," akasema.

Mtu mzima mimi! Nilijichukia njia nzima iliyobaki.

Karibu na saa saba tulifika ukingoni, pale milima inapoanguka kwenda chini kabisa. Ziwa lilikuwepo, la bluu nzito, ukungu umekaa juu yake kiasi kwamba hujui maji yanaishia wapi. Kule ndiko nilikozaliwa. Mama alikaa juu ya jiwe, akavua mabuti, akayapanga vizuri pembeni yake. Akaangalia kwa makini, kiganja juu ya macho.

"Lundo ni wapi hapo?"

Sijawahi kulitaja jina la Lundo ndani ya nyumba ile. Hata mara moja.

Nilinyoosha kidole. "Kule, mama. Haionekani vizuri."

"Ahaa."

Akamenya kiazi. Akanipa nusu.

"Usipa wa sokoni una mchanga," akasema, akimaanisha wale dagaa wa kwetu ziwani. "Tangu nazaliwa nakula usipa wenye mchanga, nauosha maji matatu. Huu unaoleta tangu Pasaka, unaosema umenunua sokoni, hauna hata punje. Mtu kauanika kwenye chanja, kauchagua mmoja mmoja. Nikasema muuza samaki gani huyu mwenye mapenzi hivi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Ule usipa Mwalimu ndiye alikuwa anauanika mwenyewe na kunitumia kwa gari. Na mimi mtoto wa Lituhi, niliyekua nauanua usipa mchangani, sikufikiri kwamba usafi wake utanichoma!

"Na kondakta anayekushushia mzigo," mama akaendelea, "mama yake tuko naye jumuiya moja."

Basi nikalia. Nililia vibaya, kwa aibu na kwa kila kitu. Nikamwambia yote, la suruali, la Pasaka, la woga wangu. Nikamwambia sijamsahau Daudi. Mwisho nikasema lile lililokuwa linaniua. "Na Tina, mama?"

Aliyakusanya maganda ya kiazi, akayatupa bondeni.

"Tina ni wa ukoo," akasema.

Nikafumba macho.

"Na wewe ni mama yake. Hatatenganishwa na mama yake nikiwa hai, na wazee nitawaambia mimi mwenyewe. Ila likizo zote ni zangu. Usije ukaniletea maneno ya masomo ya ziada."

Nilimshika mguu, ule mguu wake wa baridi, nikaushikilia. Naye alikuwa analia, bila sauti, anatazama ziwa. Alisema alijua siku hii itakuja, na aliiombea ije na mtu mpole. Alisema usiku wa kwanza baada ya mama wa kondakta kumwambia hakulala. Lakini kila siku akiuosha ule usipa usio na mchanga, hasira inapungua.

Kisha akajifuta na upande wa kitenge, akaanza kuvaa mabuti.

"Shamba lako la ngolo liko pale pale," akasema. "Simpi mtu. Mgongo wangu umechoka na kazi ya Daudi. Mwambie huyo Mwalimu mwezi wa tatu aje atulazie majani. Nataka kuiona mistari yake."

"Nitamwambia, mama."

"Na wewe utakuja kuchimba." Alisimama, akakung'uta kitenge. "Kiberiti nitakaa nacho mimi."

Tulicheka mpaka tukashikana tusianguke. Tulirudi kwenye uwanda bega kwa bega, na tulipofika kwenye mfereji nilitangulia mimi, nikawa natoa majani yaliyoziba maji. Yeye nyuma alikuwa ananielekeza, hapo umeacha, na hapo.

Leo baada ya misa nimemtumia Mwalimu ujumbe. Sikuandika ndiyo, nimeuliza tu, "Unajua kulaza majani?"

Amejibu sasa hivi, "Majani gani?"

Nimemsomea mama. Yuko jikoni anachambua usipa, na kicheko chake kimefika mpaka kwa jirani.

"Mwambie ana miezi minane," anasema.