Jogoo wa Shukrani

Jumatatu, 2 Juni
Tumepura maharage hadi mchana. Mke wangu, Mama Neema, kakaa chini mara mbili, kashika kiuno. Anasema ni jembe. Jembe gani? Wiki nzima kalima kwa mdomo, akinisimamia mimi. Nimemtania hivyo, kacheka, halafu kakunja uso. Sijaupenda ule uso.

Alhamisi, 5 Juni
Kiuno bado. Hospitali hataki. Sababu naijua. Miaka saba iliyopita, alipomaliza matibabu ya saratani ya titi, tulipeleka jogoo wa shukrani kanisani. Alisimama mbele akatangaza amepona. Hapa Kitahana ukishashukuru, basi. Kurudi kupima ni kama kumwambia Mungu akurudishie jogoo wako. Ndiyo maana hata kliniki aliacha.

Jumapili, 8 Juni
Ameshindwa kupiga magoti. Kasali amekaa. Nyumbani nimemwambia wazi: naogopa. Kanitazama sana, kisha kakubali kwa Kiha:

"Ego, Baba Neema. Twende. Ila watu wasijue."

Jumatano, 25 Juni. Kasulu
Majibu yametoka. Saratani ile ile, sasa iko kwenye uti wa mgongo. Mama Neema kauliza jambo moja tu:

"Kwa hiyo nilidanganya kanisani?"

Daktari hakucheka. Amesema uvimbe uliondoka kweli. Ila chembe chache zilikuwa zimeshahamia kwenye mfupa, zikalala humo. Zikilala hazikui, haziumi, vipimo havizioni, na dawa nyingi haziziui. Baada ya miaka zimeamka. Kwa nini sasa, hajui.

"Ndago," akasema Mama Neema. Unapalilia shamba linang'aa, kumbe viazi vya gugu hilo viko chini.

Dawa zipo. Za kuzizuia, siyo za kuzimaliza. Nimelia chooni. Nimetoka namkuta ananunua mawese, kana kwamba tulifuata hayo tu. Nampenda huyu mwanamke hadi nakasirika.

Jumapili, 13 Julai
Anameza dawa kila siku. Maumivu yamepungua. Asubuhi kamkamata jogoo. Nimemuuliza: wa nini, na hujapona? Kanipa nimbebe.

Mbele ya watu kasema ugonjwa umerudi na anatumia dawa. Jogoo huyu ni wa wiki hii tu. Wiki ijayo ataishukuru ikifika. Watu wamecheka. Mimi nimecheka huku natokwa na machozi.

Tumerudi polepole, kanishika mkono njia nzima. Sasa yuko uani, anawatazama kuku. Amesema tusile mayai tena, yote yaatamiwe. Majogoo watahitajika wengi.