Maziwa ya Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025

“Maziwa husafisha mapafu. Mtu anayepaka rangi akinywa pakiti moja kwa siku, ile harufu haimfanyi kitu.” Maneno ya Meja Waswa, leo asubuhi, mkutanoni, mbele ya watu wazima wenye akili zao. Na wakaitikia kwa vichwa!

Basi nimjibu hapa, kwa sababu kule alinikata kauli. Maziwa yanashuka tumboni. Hewa inaingia mapafuni. Ni njia mbili, Afande, na Mungu ameweka kifuniko kati yake zisikutane. Zikikutana unapaliwa. Kunywa maziwa ili kusafisha mapafu ni sawa na kuosha miguu ili kichwa kiache kuuma. Nimesoma vitabu vya tiba, vya sheria za kazi, hata vya historia ya machimbo — sijaona popote ng’ombe aliyemwokoa mchimba madini.

Mimi muuguzi, nilipopewa mpango huu wa afya kazini kwa raia wanaofanya kazi kambini, nilidhani adui yangu atakuwa mlio wa bunduki. Kumbe ni pakiti ya maziwa. Sawa. Vita ni vita. Nimeomba maziwa yakatwe, na badala yake zije maski zenye vichujio na feni kubwa ya kuvuta hewa chafu kwenye banda la rangi.

Meja alicheka. “Maximilla, ungekuwa jeshini ungekuwa jenerali. Ama ungekuwa jela.”

Nampenda huyu mtu. Shida yake ni moja tu — anakosea kwa sauti kubwa.

Jumatano, 5 Machi 2025

Banda la rangi. Boti za uokoaji zimelala kwenye mbao kama viboko waliotoka ziwani kuota jua. Kompresa ya kusukuma rangi inanguruma, Opiyo na Wabwire wanapiga spray. Rangi hii mpya inachanganywa na hadena ili ikauke upesi. Inang’aa vizuri. Na ndiyo inayouma kifua — siyo harufu, ni ile hadena.

Wabwire anapaka boti kama mama anavyompaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Ukimwona huwezi kumwambia aache. Lakini Jumatatu, akitoka nyumbani baada ya wikendi, alipuliza kifaa changu cha kupima pumzi na mshale ukapanda vizuri. Leo umeshuka. Wiki iliyopita ilikuwa vivyo hivyo: Jumatatu mapafu yake kijana, Ijumaa babu.

Nikamuuliza kama anakohoa usiku. Akasema ni vumbi tu la kwetu Nyamasaria, Sista, si unajua malori ya ile barabara.

“Malori gani, omera, ndugu yangu?” Opiyo akadakia. “Mkeo Dorca anasema wewe ndio lori! Unapiga honi usiku kucha mpaka majirani wanasogea pembeni!”

Tukacheka sote. Kisha mimi nikaacha kucheka.

Najua anachoogopa. Mkataba wake unaisha mwezi huu. Mtu akiandikwa kwamba hafai kiafya, mkataba haurudi. Kwa hiyo anameza kikohozi kama watu wanavyomeza matusi ya bosi.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimeshinda! Wakubwa wamekubali kila kitu. Maziwa yamesimamishwa kuanzia leo. Maski zimefika. Feni itatengenezwa na Bwana Jaswant, fundi wa mabati mjini, ambaye alisikiliza hotuba yangu yote juu ya hadena bila kupepesa macho, halafu akasema, “Mama, mimi nilikuwa nauliza tu upana wa shimo.”

Nikaenda bandani nikitembea kama bibi harusi. Nilitarajia angalau tabasamu.

“Karibu, Mama Maziwa,” alisema Opiyo. Wengine walinipa mgongo. Walirudi kupaka.

Watoto wangu hawa. Ukiwatibu wananuna.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Niliwaachia kila mmoja kifaa chake apulize mwenyewe, aniletee namba. Wabwire ameleta namba ya leo. Ya ajabu! Pumzi ya Wabwire imekuwa kubwa kuliko Wabwire. Mwogeleaji wa Olimpiki hapulizi hivyo.

Nikamtazama Opiyo. Opiyo hupuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa lao. Opiyo akaanza kuchunguza dari.

“Ni roho ya umoja, Sista,” akasema hatimaye.

Niliwafokea mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Wabwire kwamba ananidanganya mimi ninayempigania. Akapuliza mwenyewe, mbele yangu. Chini kuliko wakati wowote — chini kuliko enzi za maziwa! Na maski ninayo hapa mezani, nzuri, halali, nimeipigania mimi.

Sielewi. Nachukia kutoelewa.

Jumanne, 18 Machi 2025

Nimeelewa. Ingekuwa heri nisielewe.

Dorca, mke wa Wabwire, anauza chai na mandazi nje ya karakana, upande wa ziwa. Nilipita kwake saa nne. Benchi tupu. Sufuria yake kubwa imefunikwa.

“Sista,” akasema bila kuniangalia, “uliniachia sufuria kavu.”

Nikamuuliza ana maana gani. Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu kambini alilijua isipokuwa mimi na vitabu vyangu. Hakuna mpaka rangi aliyekuwa anakunywa pakiti yake peke yake. Saa nne walikuwa wanazima kompresa, wanazileta zote kwa Dorca, anazimimina kwenye sufuria moja na majani ya chai. Wanakaa pale upepo wa ziwa ukiwapiga usoni hadi sufuria iishe. Na hakuna sajenti aliyeweza kuwarudisha, kwa sababu Meja Waswa mwenyewe alishaagiza: maziwa ni dawa, na dawa lazima imalizwe.

Opiyo alikuwa anakunywa polepole kwa makusudi, akasema Dorca. Kikombe kimoja kama anamaliza shamba.

Sasa hakuna maziwa, hakuna dawa. Hakuna dawa, hakuna ruhusa. Wanashinda ndani asubuhi yote. Joto likizidi, maski zinashushwa shingoni. Na feni bado haijafika.

Maziwa hayakusafisha mapafu. Yaliyatoa nje.

Nilinunua kwa Dorca mandazi ambayo sikuweza kuyala. Alinihurumia, akanipigapiga begani. “Ulitaka mazuri, Mama. Sasa rudisha mazuri mengine.”

Nikaenda kwa Meja. Nikasema nataka maziwa yarudi. Alicheka mpaka akavua kofia.

“Kwa hivyo yanafanya kazi!”

“Hayafanyi! Ni mapumziko yanayofanya kazi!”

“Lakini bila maziwa hakuna mapumziko.”

“Afande, nyamaza.”

Akarudisha kofia kichwani. Halafu akaagiza maziwa yarudi kesho. Akaniuliza kwa upole kama nimekula. Mtu huyu atanifanya nishindwe kumchukia kabisa, na mimi nahitaji kumchukia kidogo, kazi iende.

Alhamisi, 20 Machi 2025

Feni imefika. Iko getini, ndani ya kasha lililofungwa kwa waya. Itabaki getini!

Sababu: Brigedia anakuja Jumatatu kukagua boti. Kwa heshima yake, ukuta wa nje wa banda umepakwa chokaa, mweupe kama sahani. Feni inahitaji shimo ukutani. Meja anasema hatoboi ukuta ambao mgeni ataupita. Baada ya ukaguzi, Maximilla. Wiki ijayo, Maximilla.

Wakati huohuo boti tatu za mwisho lazima zipakwe. Na Jumatatu hairuhusu chai ndefu. Maziwa yamerudi, lakini leo wameambiwa wayanywe wakiwa wamesimama mlangoni.

Saa nane Opiyo alinijia mbio. Wabwire alikuwa amekaa chini, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, hewa ikilia kifuani kama mlango wa zamani. Nikampa dawa ya kuvuta. Nikamshika mgongo. Tukasubiri.

Alipoweza kusema, neno la kwanza lilikuwa: “Sista, andika mafua.”

“Sitaandika mafua.”

“Mkataba, Sista. Nitamwambia nini Dorca?”

“Nitaandika kwamba banda ndilo mgonjwa. Wewe ni mpaka rangi mzima uliyewekwa ndani ya banda gonjwa. Ubandike namba za gari, uandike majina ya boti kwa brashi, hadena usiiguse tena. Na mkataba wako urudi kama ulivyokuwa.”

Akanitazama kama mtu anayesikia hadithi nzuri ya watu wengine. Kisha akasema atamalizia boti zile tatu kwanza. Kwa sababu ameshazianza. Kwa sababu Opiyo hawezi kona za mbele.

Opiyo akakiri hawezi. Hata hakutania.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Naandika nimekalia ndoo tupu ya rangi, mgongo wangu kwenye mlango wa banda. Niliwahi kabla yao. Nimefunga kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Sina mamlaka ya kufanya hivi. Nimesoma sheria vya kutosha kujua sina. Lakini pia nimesoma vya kutosha kujua kwamba mfanyakazi ana haki ya kutopelekwa kwenye hatari inayojulikana — na hii inajulikana. Mimi naijua, Meja anaijua, kifua cha Wabwire kinaijua.

Saa nne imefika. Dorca amebeba sufuria mpaka hapa, ameiweka juu ya mawe, moto unawaka. Mafundi wa kuchomelea vyuma wamekuja. Wanajeshi wawili vijana wamekuja, wanajifanya wamepita tu. Opiyo amenikabidhi kikombe kwa mikono miwili.

“Kunywa, Mama Maziwa. Usafishe mapafu.”

Nimekunywa. Ni tamu. Mungu anisamehe, ni tamu sana.

Wabwire hajakaa. Amesimama mbele yangu na bunduki yake ya kupulizia rangi mkononi, anaangalia kufuli. Hajasema nifungue. Hajasema nisifungue. Anapumua kwa mdomo.

Meja Waswa anakuja kutoka ofisini. Naona kofia iko mkononi, na mtu nyuma yake amebeba mkasi mkubwa wa kukatia kufuli. Anatembea polepole. Pengine ananipa nafasi ya kuinuka. Pengine anajipa nafasi yeye.

Siinuki. Nayaandika maneno haya upesi ili akifika nisiyasahau kwa hasira, au kwa kumpenda:

Afande, mkasi huo ukate waya wa lile kasha la feni kule getini. Toboa ukuta. Brigedia akiuliza, mwambie ni mimi, nitamjibu kwa furaha. Tia sahihi mkataba wa Wabwire leo, kabla chai haijapoa. Shimo likionekana ukutani, ufunguo utatoka mfukoni.

Na wewe Wabwire, baba, weka hiyo bunduki chini. Dorca amekumiminia. Kaa hapa upande wa upepo, unywe polepole kama Opiyo.