Nilichomwambia Yayeri

Mbarara,
29 Septemba

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Kumi, wewe na shangazi na wote wa nyumbani. Masikio yanaendeleaje? Shangazi ameniambia siku hizi unashika simu halafu unamrudishia yeye, ndiyo maana nimechukua kalamu. Lakini hata kama ungesikia vizuri, Baba, haya nisingeweza kuyasema kwenye simu.

Mimi mwili uko sawa. Nilirudi chuoni katikati ya Agosti, chumba ni kilekile, nakaa tena na Babirye. Jioni wenzangu wanakusanyika kwa mama wa chapati hapo getini, kila mmoja anasimulia alikopelekwa kufanya mazoezi ya kazi. Wanacheka sana. Nami nacheka, halafu nasema nina usingizi, napanda chumbani.

Uliniuliza mwezi wa sita kama Bwera ni mbali. Ni mbali kidogo. Unapita Kasese, unashuka mpaka karibu na mpaka wa Kongo. Nilipangiwa kituo cha afya, kuandikisha akina mama wanaopimwa saratani ya kizazi, kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu. Daktari wetu, Ahimbisibwe, ni mtu mwema lakini ni Munyankole. Lhukonzo, lugha ya watu wa kule, hajui, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Siku zote nesi Medius ndiye aliyemtafsiria. Siku moja mwishoni mwa Juni Medius alikwenda mazishini Maliba. Daktari akasema, si huyu Amoding amekulia kambini kwa wanajeshi, Kiswahili anacho. Nikaitwa.

Aliyekuwa ameketi mle ndani ni mama mmoja anaitwa Yayeri, mjane, muuza maharage kwenye soko la Mpondwe. Kiswahili alikipata hukohuko sokoni. Alikuwa amevua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Daktari alinieleza kwa Kiingereza, taratibu, na kwa huruma, kwamba ugonjwa umeshapita mahali pa kutibika, kwamba atapewa dawa za maumivu tu, na kwamba ni vizuri amwite mtoto wake na kupanga mambo yake mapema.

Yayeri akanigeukia. "Mutoto yangu, dokta iko nasema nini?"

Baba, unamkumbuka yule daktari wa kambini alivyomwambia Mama? Alisimama mlangoni, akasema, "Mama, huna muda," kama anayetoa amri, na sisi watoto tumesimama pale. Mama akageukia ukutani. Mpaka siku ile alipotutoka hakutuambia tena neno la maana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliapa moyoni kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo.

Basi nikamwambia Yayeri kwamba ugonjwa ni mzito kidogo, lakini dawa hizi zitamsaidia, arudi baada ya mwezi. Akatabasamu, akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili. Daktari aliniuliza kama ameelewa vyote. Nikajibu ndiyo. Alipotoka, daktari akanisifu, akasema ninajua kuzungumza na wagonjwa.

Medius aliporudi sikumwambia. Kila siku nilisema kesho.

Mwisho wa Julai nilikwenda kumwona Yayeri kwake, juu kilimani. Alikuwa amekonda, lakini alinipikia bundu, ugali wao wa muhogo, na samaki, na alikuwa amepanda maharage mapya nyuma ya nyumba. Akanieleza kwamba binti yake wa pekee, Phionah, anafanya kazi kiwandani Jinja, na amepiga simu kuuliza hali. Akasema, "Phionah iko nauliza, akuje sasa ama angoje Krismasi? Wewe umesoma. Unaonaje?"

Nilikuwa na bundu mkononi. Nilijua la kusema, Baba, na njia ya kulisema ilikuwa wazi kabisa mbele yangu.

Nikasema, "Angoje Krismasi, mama. Atakukuta na nguvu."

Yayeri alifariki wiki ya kwanza ya Septemba, jirani akiwa kando yake. Medius ndiye aliyenipigia. Siku tatu baadaye Phionah mwenyewe akanipigia. Namba yangu aliikuta kwenye daftari la mama yake. Alinishukuru. Alisema mama yake alinitaja kila mara, yule binti wa mwanajeshi aliyemweleza vizuri. Nikampa pole, nikakata simu.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi hadi Kasese, nikaendelea Bwera, nikamkuta Phionah akichuma yale maharage. Nikamwambia yote, la daktari na la Krismasi. Hakupiga kelele. Aliniuliza ilikuwa tarehe ngapi nilipokuja pale nyumbani. Nikamtajia. Akaweka kikapu chini.

"Wiki hiyo nilikuwa na likizo," alisema. "Nilikaa Jinja, nikafua nguo, nikalala."

Kisha akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote anavyosindikizwa, akasimama nami mpaka pikipiki ikaja. Nilinyoosha mkono kumuaga. Hakuupokea.

Ripoti yangu imerudi juzi, nimepata alama ya juu. Daktari ameandika pale yale maneno yake kuhusu mimi na wagonjwa. Nimeiweka chini ya godoro.

Baba, naujua moyo wako. Ukimaliza kusoma utataka kuniandikia kwamba mimi ni mtoto mwema na kwamba sikukosa. Nakuomba usiandike hivyo. Niandikie unavyoona kweli, hata kama ni mstari mmoja. Nitausoma.

Nisalimie shangazi, na majirani wote wanaokuita afande mpaka leo. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Amoding