Baba Amesimama Mlangoni

Ipinda, 9 Februari 2024

Wifi yangu Anyes,

Ugonile. Karonga hawajambo? Huku wazima, mvua inanyesha na kakao inaoza kwa heshima zote. Nakuandikia kwa mkono wa Andongwisye, anavuka mpaka wa Kasumulu na mchele. Simu nimeiogopa. Ukuta wetu ni wa mianzi, na baba yako yuko upande wa pili.

Tangu kaka yako Tuntufye anioe sijawahi kumtazama baba usoni. Akija njiani, naingia kwenye migomba. Akiwa sebuleni, mimi ni mtu wa jikoni. Ndiyo ukutila, mwiko wa mkwe na mkamwana, hatukuuanzisha sisi. Sasa mzee amezidisha. Akifika mlangoni anasimama kama mti uliopandwa. Mimi nadhani amenisikia, natoka nyuma, nazunguka shamba ili apite. Narudi, bado amesimama. Jirani yetu Marta akasema hajaona mkwe mwenye adabu namna hiyo, nami nikajivuna mpaka kanisani.

Juzi nilikwenda Lyulilo kununua chungu. Niliporudi Marta akaniambia, "Mkweo kasimama mlangoni asubuhi yote." Wifi, mimi sikuwepo. Alikuwa anamheshimu nani?

Halafu anaburuta miguu, na jana aliuliza kama meli ya Itungi imeshapakiwa. Njoo umwone. Kaka yako yuko safarini na lori, na wewe ni binti, unaweza kumshika. Mimi siwezi.

Wifi yako,
Stella


Karonga, 2 Machi 2024

Wifi mchokozi,

Salamu zimefika, na mchele pia, asante sana, ndaga fijo. Sisi wazima. Mume wangu Dickson anakohoa, lakini anakohoa ili apewe supu.

Umenichekesha. Baba alipokuwa mpagazi Itungi wenzake walimwita Nanga, kwa kuwa akitua mahali hang'oki. Leo unaniambia kasimama! Mkande miguu kwa mafuta ya mawese. Aa, nimesahau, huruhusiwi. Basi mpe Marta amkande.

Duka siwezi kuliacha sasa. Pasaka nitakuja, nimletee usipa, dagaa wa huku, tuone kama hatang'oka.

Wifi yako akupendaye,
Anyes


Ipinda, 21 Aprili 2024

Wifi yangu,

Natumaini mko salama. Pasaka ilifika, wewe hukufika. Silaumu, mafuriko yalikata barabara. Naeleza tu yaliyotokea.

Baba alianguka palepale mlangoni. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nikatoka, nikageuza uso, nikaanza kumwita Marta. Marta yuko mpungani. Nikaita kwa sauti ya kuitia polisi. Baba yako amelala kizingitini ananiambia polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka, "Usihangaike, mama, watakuja." Nilimrushia kanga kutoka mbali, ikamfunika nusu. Ndiyo huduma niliyompa, wifi. Kanga ya kurusha.

Tuntufye aliporudi tulimpeleka Mbeya, wakampiga picha ya kichwa. Daktari akasema mishipa midogo ya damu kwenye ubongo imeziba mmoja mmoja, kwa presha ya miaka mingi. Ni viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyeviona vikipita. Nilivyoelewa mimi wa darasa la saba: mto una maji, ila mifereji imejaa tope, na majaruba ya mwisho yanakauka. Kwa baba, majaruba ya mwisho ni miguu na kumbukumbu. Dawa za presha zitalinda yaliyobaki. Yaliyokauka, akatikisa kichwa.

Sisi tulikuwa tunayasifia, tukiyaita adabu.

Daktari alisema miguu ikigoma, mguu ukipewa kitu cha kuvuka huenda. Basi baba akilala mchana nachora mistari ya majivu kutoka kitandani mpaka nje. Akiamka anaivuka, mmoja mmoja, kama mtu anayeruka vijito. Mimi namsikiliza nikiwa jikoni. Ndiyo maongezi yetu.

Kila jioni anauliza, "Anyes amefika?" Njoo angali anauliza.

Wifi yako,
Stella


Karonga, 30 Mei 2024

Wifi Stella,

Sijui nianzie wapi salamu. Nililia dukani mpaka mteja akarudisha sukari, akidhani imepanda bei.

Mama yake Dickson naye kalazwa, siwezi kuvuka mto wa mpakani nikamwacha. Mwezi wa nane, kwa jina la Mungu. Mwambie baba naja. Mwambie kila jioni, asichoke kuuliza.

Anyes wenu


Ipinda, 14 Julai 2024

Wifi,

Poleni na mgonjwa. Huku mavuno mazuri, afya si nzuri.

Jana baba alisimama tena mlangoni, majivu yalikuwa yamefagiliwa na kuku. Nikawa natoka nyuma kama kawaida. Akaita, "Anyes! Nishike mkono."

Nikatazama nyuma yangu. Kulikuwa na kuku tu.

Akaita tena, kwa hofu. Basi nikaenda. Nilimtazama usoni, wifi. Ana kovu kidevuni, hakuna aliyewahi kuniambia. Ana macho ya Tuntufye. Nikamshika, nikasubiri radi. Haikupiga. Tukavuka kizingiti.

Tangu hapo namlisha na kumnawisha. Baba mdogo Kenani alikuja na uso wa baraza, akanikuta nikimkata baba kucha. Akatafuta kofia yake, ilikuwa kichwani, akaondoka.

Anafurahi sana. Anawaambia watu bintiye amerudi kutoka Karonga. Kila akiniita hivyo naona nimeiba. Kiti ni chako, nimekikalia tu. Njoo nikupishe.

Stella


Karonga, 25 Agosti 2024

Kwa Anyes,

Nimefika salama. Natumaini na huko mmeamka vyema, na mzee amekula.

Lile la mlangoni hatukuliongea tulipoagana, naliandika sasa. Wewe ulimshika mkono mlangoni, mimi nikatokea na usipa wangu. Akaniona. Nami nikaona akinitazama, halafu akageuza uso ukutani, taratibu, kwa adabu zote. Akakwambia, "Anyes, mwambie mkamwana apite. Namsubiri."

Ulitaka kumsahihisha, nikakuzuia. Angepata taabu. Nikaingia kwenye migomba, wifi, kwenye shamba nililozaliwa, na nikajifunza pale unaposimama wewe miaka yote. Siku zote nilizokaa nilipita mlango wa nyuma.

Siku ya mwisho nilipika mimi. Nikamsikia kupitia ukuta wa mianzi: "Mke wa Tuntufye anajua kupika. Na ni mwema. Sijawahi kumwambia." Hayo si yangu, nakurudishia mwenyewe.

Chora majivu kila siku. Fungia kuku. Usimwachie mkono. Akikuuliza kama mkamwana ameshapita, mwambie ameshapita, na ametoa salamu.

Ni mimi,
mkamwana wenu