Mluzi wa Kyalo

Jumamosi 29/12/07
Uji imemwagika tena. Upande wa kushoto tu. Kyalo anapanguza mdomo na shati, anasema kikombe ndio mbaya. Ana miaka sita. Dada yangu Mwende, mamake, alienda Kitui Krismasi akaniachia yeye siku nne. Sasa kura imeleta fujo, gari hakuna. Kazi yangu huko Kawangware, steji ya 56, pia siendi. Tuko wawili kwa nyumba. Nje kelele.
Ametapika asubuhi. Kichwa inauma. Dawa ya kansa ya damu amekunywa yote, mimi ndio humpea.

Jumatatu 31/12
Hawezi piga mluzi. Huwa tunaitana na mluzi, mimi sipendi kuita kwa nguvu. Leo ni hewa tu. Akacheka, uso ikacheka nusu.
Mchana alilala. Jicho la kushoto likabaki wazi. Nimekaa nikiliangalia. Sina mtu wa kuambia. Jirani anasema ni upepo imempiga.
Mwezi jana daktari alitaka kumtoa maji ya mgongo, aone kama ugonjwa umepanda kichwa. Mwende akakataa. Hapa kwa ploti wanasema ukitolewa hiyo maji hutembei tena. Aliniambia hata mimi nisikubali. Sikumpinga. Mimi hunyamaza.

Jumatano 2/1/08
Soweto West, hapa kwetu Kibera, ni moshi. Vijana wamefunga njia na mawe. Mama Zainabu, Mnubi mwenye hizi nyumba tunakodi, alitembea mbele yetu. Akawaambia, "Mnataka kabila? Ulizeni yangu kwanza. Huyu mtoto ni mgonjwa." Wakasonga kando.
Nikambeba mgongoni, tukapitia mtaa wa Nyayo Highrise mpaka hospitali. Nikamwambia daktari yote. Uji, mluzi, jicho. Sijawahi ongea hivyo. Akammulika macho na tochi, akauliza kama naruhusu sindano ya kutoa maji ya mgongo. Nikauliza kuhusu kutembea. Akanionyesha kijana wa wodi, ametolewa mara nne, anakimbiza mwenzake kati ya vitanda.
Nimeweka sahihi.
Maji imetoka safi kama ya mvua. Nikafurahi. Daktari akasema ugonjwa hauonekani kwa macho, mpaka maji iangaliwe na mashine.

Alhamisi 3/1
Hakuna majibu. Nachukia hii benchi.

Ijumaa 4/1
Iko. Ugonjwa uko kwa maji. Dawa ya kumeza haifiki huko vizuri, kwa hivyo watakuwa wakiiweka kwa mgongo. Anasema hatujachelewa sana. Hiyo "sana" imenikaa rohoni.
Mwende nimempata kwa simu. Nikasema niliruhusu. Akauliza,
"Anatembea?"
"Jana alienda choo mwenyewe."
Akalia. Akasema, "Basi usimwache hapo peke yake."
Dawa ya kwanza imewekwa leo. Ameambiwa alale chali, asiinue kichwa. Mimi niko kwa korido. Nasikia pumzi, fuu, fuu. Anajaribu mluzi. Wacha niende, ananiita, na nisipotokea atainuka.