Roho Yako Iko na Nini

Mama,

Wiki iliyopita waligawa nguo zako. Tantine Rejina, dada yake Papa, alikuja kutoka Pinetown na wanawake wa kanisa, wakatandika mkeka sebuleni kwetu hapa ugenini, Overport, na kugawana vitenge vyako, kama ilivyo desturi yetu baada ya matanga. Mimi ndiye niliyevikunja na kuvipitisha, nikitabasamu, nikiuliza nani aongezewe chai. Wote walinisifu. "Huyu njo mtoto iko na akili," Tantine alisema. "Ona vile amekomaa."

Neno hilo la kukomaa linanichoma hadi leo.

Maana Neema, mdogo wangu wa miaka kumi na tatu, alikinyakua kitenge chako cha njano, kile cha kwendea saluni, akamwambia Tantine atoke nyumbani kwetu. Akasukuma sahani, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikamwagika mkekani. Basi huyo ndiye hana adabu. Ikaamuliwa palepale kwamba Jumapili Tantine atamchukua, akamnyooshe huko Pinetown. Papa alitazama sakafu, akakubali.

Mama, nimekasirika. Mimi niliyemeza kila kitu naitwa mtu mzima, na yeye aliyesema lililokuwa moyoni anafukuzwa. Nani aliwaambia kukomaa ni kunyamaza? Hata jiwe linanyamaza.

Wewe hukutulea hivyo. Ulipotusuka, ukiwa umetubana kichwa kati ya magoti, ulikuwa unauliza: "Roho yako iko na nini leo?" "Sijui" hukuipokea. Hukusuka msuko mwingine mpaka tuseme kama ni hasira, haya au woga. Nilianza kuwa mkubwa pale, siku nilipotambua kwamba nimemtukana mwenzangu shuleni kwa sababu tu nilikuwa navionea haya viatu vyangu.

Lakini wewe pia nimekukasirikia. Papa hukumfundisha. Akirudi kutoka kiwandani Mobeni amenuna, ulituambia, "Mumuache, amechoka." Ulisema kwa niaba yake miaka yote, halafu ukaondoka na maneno yake.

Jumapili asubuhi begi la Neema lilikuwa mlangoni. Nikamketisha chini, nikachukua kitana chako, nikaanza kumsuka. Nasuka vibaya, unajua. Nikamuuliza swali lako. Akasema, "Hasira." Nikashika nywele, nikangoja. Akasema, "Na woga. Nitasahau harufu yake." Kisha akalia, kile kilio ambacho sote tulikuwa tumekizuia.

Papa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamgeukia: "Na weye, Papa? Roho yako iko na nini?"

"Sijui," akasema.

"Hapa sijui haipokelewi."

Akakaa juu ya begi. "Niko na woga," akasema. "Sijui kulea bila yeye." Halafu akampigia simu dada yake: "Usikuje. Neema anabakia hapa."

Tantine amenuna mpaka leo. Anune.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi swali lako halitakufa humu ndani, na Papa ataulizwa kama sisi. Jana Neema alininyang'anya kitana, akanivuta kati ya magoti yake membamba. "Sasa weye," akasema. Nilitaka kusema niko sawa. Akashika nywele zangu, akangoja, mpaka nikalia.

Mwanao,
Furaha